Mjusi vidole-matamvua wa Coachella

Mjusi vidole-matamvua wa Coachella (jina la kisayansi: Uma inornata) ni spishi ya mjusi mdogo wa jangwani katika familia Phrynosomatidae. Anatokea katika Bonde la Coachella tu, kusini mwa jimbo la California nchini Marekani, na kwa asili hapatikani mahali pengine popote duniani. Hata ndani ya bonde hilo haishi kila mahali. Anataka mchanga mwembamba na mwepesi, ambao bado unahamishwa na upepo. Mchanga ukishagandamana au ukiota majani mengi, mjusi huyu hutoweka.

Tangu mwaka wa 1980 spishi hii imelindwa na sheria za Marekani na za jimbo la California. Miongoni mwa wanabiolojia anajulikana kwa tatizo alilowaletea wahifadhi: kuzungushia uzio mahali anapoishi hakutoshi kumwokoa, kwa sababu makazi yake yenyewe yanasafiri. Mchanga wa leo utakuwa umeondoka kesho, na mwingine lazima uje kutoka milimani kuchukua nafasi yake. Njia hiyo ikizibwa kilomita nyingi kutoka kwake, hifadhi hubaki pale pale na mjusi anakwisha.

Jina na uainishaji

Spishi hii ilielezwa kisayansi mara ya kwanza mwaka wa 1895 na Edward Drinker Cope, mtaalamu Mmarekani wa reptilia na visukuku. Neno inornata ni la Kilatini na maana yake ni “isiyopambwa”. Spishi nyingine za jenasi Uma huwa na baka jeusi kila upande wa tumbo, lakini huyu wa Coachella hana, au ana nukta ndogo tu. Jina halimtendei haki sana, kwa maana mgongo wake una nakshi nzuri.

Matamvua ni zile nyuzi zinazoning'inia pembeni mwa kikoi au shuka. Kwa mjusi huyu, matamvua ni safu za magamba marefu yaliyochongoka kwenye pande za vidole, hasa vya miguu ya nyuma. Jenasi Uma ina spishi kadhaa, zote za majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko, na zote zina matamvua hayo. Katika familia yake wamo pia mijusi-pembe (Phrynosoma), ambao mmoja wao, mjusi-pembe mkia-bapa (Phrynosoma mcallii), anaishi naye kwenye mchanga uleule. Hana undugu wa karibu na mijusi wa nyumbani wanaopanda kuta huko Afrika Mashariki. Yuko karibu zaidi na mijusi wa miamba wenye vichwa vyekundu (Agama), ingawa hata hao ni ndugu wa mbali.

Maelezo

Mwili wake, kutoka ncha ya pua hadi mwanzo wa mkia, una urefu wa sm 7 hadi 12, na mkia una urefu unaokaribia huo. Madume ni wakubwa kuliko majike. Mwili ni bapa na mpana kidogo, na magamba ya mgongoni ni madogo na laini kiasi kwamba ngozi inafanana na kitambaa kilichosukwa vizuri.

Rangi ya mgongo ni ile ya mchanga wenyewe, nyeupe iliyochanganyika na kijivu au hudhurungi nyepesi. Juu yake kuna madoa mengi yenye umbo la jicho, ambayo mabegani hujipanga kuwa mistari iliyokatikakatika. Tumbo ni jeupe. Chini ya mkia kuna mapande meusi yanayoonekana tu mjusi anapoinua mkia akikimbia. Wakati wa uzazi pande za tumbo hupata rangi ya waridi. Akitulia juu ya mchanga, mtu anaweza kumpita kwa hatua mbili asimwone, na mara nyingi kinachomtambulisha ni kivuli chake.

Kuishi mchangani

Mjusi huyu ana njia mbili za kujiokoa: kukimbia na kuzama. Kwa kukimbia hutegemea matamvua. Mguu wenye vidole vyembamba hudidimia kwenye mchanga mwepesi, na nguvu nyingi hupotea bure, jambo linalojulikana na kila aliyewahi kukimbia ufukweni mbali na maji. Matamvua hupanua eneo la kidole kinaposukuma nyuma, na hulala kinapoinuliwa, kwa hiyo hayamzuii. Mwaka wa 1986 mtafiti J. H. Carothers alichapisha matokeo ya jaribio rahisi juu ya spishi ya jirani, Uma scoparia. Aliwapima mijusi mbio wakiwa na matamvua, akayaondoa, kisha akawapima tena. Bila matamvua, mbio zao kwenye mchanga zilipungua. Akikimbia kwa kasi kubwa mjusi huyu huweza kuinua miguu ya mbele na kwenda kwa miguu miwili.

Matamvua si mali ya jenasi hii peke yake. Katika mwaka huohuo wa 1986, Claudia Luke alionyesha kwamba matamvua ya vidole yametokea angalau mara 26, kila mara kivyake, katika familia saba za mijusi. Mijusi wa jenasi Acanthodactylus wa Afrika ya Kaskazini na Bara Arabu, Omani ikiwamo, wanayo. Mjusi mdogo wa matuta ya Namib (Meroles anchietae) kusini-magharibi mwa Afrika anayo pia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeyarithi kutoka kwa mwingine. Mchanga uliwakabili kwa swali lilelile, na kila ukoo ukapata jibu linalofanana.

Njia ya pili ni kuzama. Pua ya mjusi huyu imechongoka kama kabari, na taya la chini ni fupi kuliko la juu na limejificha ndani yake, ili mchanga usiingie mdomoni anapotumbukia. Huanza kwa kukimbia, kisha huingiza kichwa na kukitikisa upande hadi upande, huku miguu ya nyuma ikisukuma kwa zamu. Baada ya sekunde moja au mbili haonekani tena. Kwa kawaida haendi chini sana; hulala sentimita chache tu chini ya uso wa mchanga.

Huko chini kuna hatari ya kila tundu la mwili kujaa mchanga, na karibu kila tundu limewekewa kinga. Magamba ya kope yamerefuka na kope za juu na za chini hupishana zinapofungwa. Matundu ya masikio yamefunikwa na vijipande vya ngozi vyenye magamba. Pua zina vali za kufunga, na njia ya hewa ndani yake imepinda kama herufi U, kwa hiyo chembe zinazoingia hunaswa kwenye kona hiyo na baadaye kupulizwa nje. Muundo huo wa pua ulichunguzwa na Robert Stebbins, aliyekuja kuwa mmoja wa wataalamu mashuhuri wa reptilia wa Marekani Magharibi. Utafiti wake wa miaka ya 1940 juu ya jenasi Uma unasomwa mpaka leo.

Mambo haya yote yana sharti moja. Mchanga lazima uwe wa nafaka ndogo, ambazo kwa kawaida hazizidi kipenyo cha milimita 1, na lazima uwe haujashikana. Kwenye changarawe kabari ya pua haina kazi. Kwenye mchanga ulioganda kwa juu mjusi huweza kuishi kwa muda, lakini hawezi kuzama haraka, na kozi hamsubiri.

Mchanga unatoka wapi

Bonde la Coachella lina urefu wa takriban km 70. Linaanza kwenye Mlango wa San Gorgonio upande wa kaskazini-magharibi na kushuka kuelekea Bahari ya Salton, ziwa la chumvi lililo chini ya usawa wa bahari. Mlango huo ni mwembamba na umebanwa na milima miwili mirefu: San Gorgonio wenye mita 3,506 na San Jacinto wenye mita 3,302. Milima hii huzuia mawingu ya Bahari ya Pasifiki. Upande wa pwani hupata mvua na theluji, na sakafu ya bonde hupata mvua ambayo kwa kawaida haifiki milimita 150 kwa mwaka. Wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 45 za selsiasi.

Safari ya mchanga huanza juu ya milima hiyo. Miamba huvunjikavunjika, na vipande vyake hukaa kwenye miteremko na makorongo mpaka ije mvua kubwa. Makorongo mengi ni makavu karibu mwaka mzima. Kisha mafuriko ya ghafla huteremka na kubeba kila kitu pamoja, mawe, changarawe, mchanga na matope, na kukimwaga chini pale korongo linapofungukia bondeni. Mashapo hayo hutandaa kwa umbo la upepeo. Mto Whitewater ndio mkubwa kuliko yote inayofanya kazi hii upande wa magharibi. Upande wa kaskazini kazi hiyo hufanywa na makorongo ya Vilima vya Indio na ya milima iliyo nyuma yake.

Hapo upepo huchukua zamu. Hewa ya baharini hujipenyeza kwenye Mlango wa San Gorgonio kwa nguvu ambayo leo inaendesha mamia ya mitambo ya umeme wa upepo iliyosimikwa pale. Upepo huo hupepeta mashapo jinsi mpishi anavyopepeta mchele kwenye ungo. Vumbi jepesi huruka mbali, mawe na changarawe hubaki, na mchanga wa ukubwa wa kati huruka kwa hatua fupifupi kuelekea kusini-mashariki. Unaponaswa na kichaka hujikusanya kuwa kituta. Penye mchanga mwingi matuta makubwa hujengeka. Mchanga anaouhitaji mjusi ni ule uliopita kwenye ungo huo.

Upepo hausimami baada ya kuuleta mchanga. Unaendelea kuusukuma mpaka uufikishe mbele. Eneo la mchanga mwepesi ni kama akaunti ya benki ambayo hutolewa fedha kila siku, na fedha huingizwa mara moja tu katika miaka mingi, yanapotokea mafuriko makubwa. Kitu chochote kikizuia mchanga usifike, iwe ukuta, barabara, safu ya miti au mtaa wa nyumba, basi eneo lililo nyuma yake huanza kuliwa. Nafaka ndogo huondoka, changarawe hubaki, na baada ya miaka ardhi ni ngumu ingawa hakuna aliyeijenga wala kuikanyaga.

Siku na majira

Mjusi huyu hufanya shughuli zake mchana. Asubuhi hutoa kichwa tu nje ya mchanga, damu ipate joto, na hutoka mwili mzima akiwa tayari kukimbia. Hupendelea joto la mwili la karibu nyuzi 38 za selsiasi. Wakati wa kiangazi hutoka asubuhi na tena alasiri, kwa sababu katikati ya mchana uso wa mchanga ungemuua. Saa hizo hukaa kwenye kivuli cha vichaka, chini ya mchanga au ndani ya mashimo ya panya na kindi wa ardhini. Kuanzia karibu Novemba hadi Februari hulala mafichoni, ingawa siku zenye joto wachache huonekana nje.

Juu ya kichwa, katikati ya gamba moja, kuna kile kinachoitwa jicho la utosini. Halioni maumbo. Linapokea mwanga, na linasaidia mwili kupanga muda wa kukaa juani. Mijusi wengi wanalo, lakini kwa jenasi Uma linaonekana wazi.

Chakula na uzazi

Wadudu ndio chakula kikuu: mbawakawa, sisimizi, panzi, viwavi na wengineo, pamoja na buibui. Hula pia maua, majani machanga na mbegu, na baadhi ya miezi mimea huwa sehemu kubwa ya chakula. Maji mengi ya mwili huyapata humo humo.

Kwa hiyo kila kitu katika maisha yake kinategemea mvua ya majira ya baridi. Mvua ikinyesha vizuri kati ya Desemba na Machi, mimea ya msimu mmoja huota na kuchanua, wadudu huzaliana, na mijusi hunenepa. Wilbur Mayhew wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba uzazi wa spishi hii hupanda na kushuka kufuatana na mvua hiyo. Mwaka wa ukame majike wengi hutaga mayai machache au hawatagi kabisa. Mwaka mzuri wanaweza kutaga zaidi ya mara moja.

Msimu wa kupandana huanza mwishoni mwa Aprili na kuendelea hadi Agosti. Dume hulinda eneo lake na kuwatishia madume wengine kwa kupiga “pushapu” za haraka na kuonyesha pande za tumbo. Jike hutaga mayai 2 hadi 4 kwa kawaida, akiyafukia kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, mara nyingi penye kituta chini ya kichaka. Watoto hutokea mwishoni mwa kiangazi. Wengi wanaoishi huanza kuzaa katika kiangazi chao cha pili, na wachache huishi zaidi ya miaka michache.

Maisha mafupi pamoja na uzazi unaotegemea mvua vina matokeo yake. Idadi ya mijusi inaweza kuongezeka mara kadhaa baada ya miaka miwili ya mvua na kuporomoka baada ya miaka mitatu ya ukame, bila mtu yeyote kuharibu kitu. Hivyo hesabu ya mwaka mmoja haina maana kubwa. Anayetaka kujua kama spishi inapungua lazima ahesabu kwa miaka mingi, aangalie mvua, kisha aulize kama mijusi ni wachache kuliko vile mvua ya mwaka huo ilivyotarajiwa kuleta.

Maadui

Maadui wake ni wengi. Miongoni mwa ndege wamo kozi mdogo wa Marekani (Falco sparverius), mbwigu (Lanius ludovicianus) na yule ndege mkimbiaji wa familia ya kekeo (Geococcyx californianus), anayemfukuza mjusi kwa miguu. Nyoka anayekwenda upande (Crotalus cerastes), mwenye njuga mkiani, hujifukia mchangani na kungoja. Mijusi wakubwa zaidi, mbweha na koyote humla pia. Kama mijusi wengine wengi anaweza kuuacha mkia wake kwa adui, na mwingine huota, mfupi kidogo na usio na nakshi.

Mji unapokaribia, maadui wengine huongezeka. Kozi na mbwigu huwinda wakitokea mahali pa juu, na jangwa la mchanga lina miti michache. Nguzo za umeme, uzio na miti ya mapambo huwapa vituo walivyokuwa hawana. Utafiti wa Cameron Barrows na wenzake uliochapishwa mwaka wa 2006 uliona athari hiyo waziwazi kwa mjusi-pembe mkia-bapa: karibu na ukingo wa mji alikuwa haba. Mjusi vidole-matamvua aliathirika kidogo kwa njia hiyo, labda kwa kuwa yeye huzama na mwenzake hutegemea zaidi kutulia tuli.

Kupungua kwa makazi

Wenyeji wa bonde hili ni Wakahuila, walioishi humo kwa vizazi vingi kabla ya Wazungu, wakichimba visima na kuvuna maganda ya mti wa meskiti. Mti huo ni wa jenasi Prosopis, jenasi ya mathenge anayelalamikiwa na wafugaji wa Baringo na Turkana, lakini kule ni mti wa nyumbani, na mizizi yake mirefu hushikilia vituta vya mchanga ambamo wanyama wengi hupata hifadhi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima walileta mitende kutoka Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati. Ilistawi sana, hata mji mmoja mdogo wa bonde hilo unaitwa Mecca, na bonde likawa kitovu cha kilimo cha tende nchini Marekani. Mashamba yalichukua sehemu ya mashariki. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ulikuja upande wa magharibi na wa kati utalii wa majira ya baridi: Palm Springs, Palm Desert, Indio na miji mingine ikakua mpaka kukaribia kushikana, pamoja na viwanja vya gofu zaidi ya 100. Leo vijana wa nchi nyingi wanalijua jina la Coachella kwa ajili ya tamasha la muziki linalofanyika Indio tangu mwaka wa 1999.

Kwa wakazi, mchanga ulikuwa kero. Ulifunika barabara na reli na kukwangua rangi ya magari. Kwa hiyo ilipandwa mistari mirefu ya miti ya tamariski, inayotoka katika Ulimwengu wa Kale, ili kuvunja upepo. Ilifanya kazi iliyotakiwa, na kila mstari ukaacha nyuma yake eneo lililokatiwa mchanga. Barabara kuu namba 10 ilipita katikati ya bonde. Mabwawa ya kuingiza maji ardhini yalichimbwa kwenye njia ya Mto Whitewater, na nayo hunasa mchanga. Magari ya michezo yalivuruga matuta yaliyobaki.

Adui wa karibuni zaidi ni mmea. Haradali ya Sahara (Brassica tournefortii), inayotoka Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati, ilikusanywa mara ya kwanza California mwaka wa 1927, katika bonde hilihili. Wengi hudhani ilikuja na mitende. Mwaka wa mvua nzuri, ambao ungekuwa mwaka wa neema kwa mijusi, haradali huota mapema kuliko maua ya asili, huyafunika, na kuushika mchanga usitembee. Hivyo mvua ileile inayomlisha mjusi humlisha pia mmea unaomnyang'anya makazi. Katika hifadhi watu wa kujitolea huing'oa kwa mikono, kazi isiyokwisha.

Mpango wa 1986

Spishi ilipotangazwa mwaka wa 1980 kuwa hatarini, ujenzi ulikabiliwa na kikwazo cha kisheria. Sheria ya Spishi Zilizo Hatarini ya mwaka wa 1973 inakataza kumuua mnyama aliyeorodheshwa, na kuharibu makazi yake kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kumdhuru. Mjusi wa sentimita chache alikuwa amesimama mbele ya matingatinga katika bonde ambalo ardhi yake ilikuwa ikipanda bei kila mwaka.

Mwaka wa 1982 Bunge la Marekani lilirekebisha sheria hiyo. Mwenye ardhi angeweza kupewa kibali cha kujenga, hata kama wanyama wachache wangekufa, mradi alete mpango wa kuhifadhi makazi kwingineko. Mpango wa kwanza wa namna hiyo ulikuwa wa vipepeo wa Mlima San Bruno karibu na San Francisco. Ule wa mjusi wa Coachella, ulioidhinishwa mwaka wa 1986, ulikuwa miongoni mwa ya mapema kabisa na ukawa kielelezo. Wajenzi walilipa dola 600 kwa kila ekari waliyoijenga ndani ya eneo la mpango. Fedha hizo, pamoja na michango ya serikali na ya shirika la The Nature Conservancy, zilinunua ardhi kwa gharama ya jumla ya takriban dola milioni 25. Zilipatikana hifadhi tatu: Thousand Palms iliyo kubwa, Willow Hole, na uwanda wa mafuriko wa Whitewater.

Walioupanga hawakuusahau mchanga. Hifadhi hizo zilichaguliwa kwa sababu bado zilikuwa na upepo na chanzo cha mchanga. Hata hivyo fedha hazikutosha kununua kila kitu, na uwanda wenye mijusi ulikuwa rahisi kuutetea kuliko korongo kavu lisilo na mjusi hata mmoja. Sehemu za njia za mchanga zilibaki nje ya mipaka, katika mikono ya watu wenye haki ya kujenga. Tafiti za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba korongo likielekezwa kwingine au kujengewa kingo za saruji, hifadhi iliyo chini yake ingekauka mchanga hata kama hakuna anayekanyaga ndani yake.

Ndiyo sababu mpango ulioufuata, uliokamilika mwaka wa 2008, una sura tofauti. Unahusu spishi 27 badala ya moja, umepangiwa miaka 75, na unaorodhesha waziwazi maeneo ya chanzo cha mchanga na mapito yake kama ardhi ya kulindwa. Baadhi ya ardhi hiyo ni miteremko na makorongo ambayo mjusi hawezi kuishi hata siku moja. Ni vigumu kumweleza mlipa kodi kwa nini korongo tupu linunuliwe kwa ajili ya mjusi asiyekuwamo, na mpango wa 2008 ni miongoni mwa hati chache za serikali zilizojaribu kufanya hivyo.

Hali ya sasa

Sehemu kubwa ya mchanga wa asili wa bonde imekwisha kujengwa, kulimwa au kugandamana. Mijusi waliobaki wako katika vipande vilivyotenganishwa na barabara na miji, na mjusi anayezama mchangani havuki barabara ya njia sita. Athari imeonekana hata katika jeni zao. Wanasayansi walilinganisha sampuli za mwaka wa 1996 na za mwaka wa 2008. Za mwanzo zilionyesha kundi ambalo bado lilikuwa karibu moja. Za mwisho, baada ya ukame mkali, zilionyesha makundi yaliyoanza kutofautiana, na anuwai ya jeni iliyopungua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2016. Kipindi cha miaka 12 ni kifupi mno kwa mabadiliko kama hayo, na njia mojawapo inayojadiliwa ni kuwahamisha mijusi wachache kwa mkono kutoka kipande hadi kipande, kazi ambayo zamani waliifanya wenyewe.

Kuongezeka kwa joto na ukame kunazidisha tatizo. Upande wa mashariki wa bonde ni mkavu kuliko wa magharibi, na ukame ukirefuka makundi ya mashariki hutangulia kupungua. Upande wa magharibi, kuelekea Mlango wa San Gorgonio, ndiko kwenye mvua nyingi kidogo, na ndiko pia mchanga wa Mto Whitewater unakopita kwanza. Mijusi wa huko wanategemea mafuriko makubwa yajayo yakute njia iko wazi.